Gari Linaloshuka Usiku: Jinsi ya Kutafuta na Kuziba Mvujo katika Springi za Upepo

Springi za upepo ni mifuko ya mpira iliyoimarishwa kwa nyuzi imara, ambayo hujazwa hewa iliyoshindiliwa ili ibebe uzito wa gari mahali ambapo magari mengi hutumia springi za chuma. Faida yake ni kwamba ugumu wa springi hubadilika kulingana na mzigo: abiria wanapoongezeka, upepo huongezwa na gari hubaki katika kimo kilekile, na wanaposhuka, upepo hupunguzwa. Springi ya chuma haina uwezo huo, kwa kuwa hubonyea zaidi kila mzigo unapozidi. Hata hivyo, faida hiyo ina sharti lake, nalo ni kwamba mfumo mzima lazima ubaki umezibika kwa miaka mingi huku ukitikiswa, ukichomwa na jua, ukirushiwa matope na kupanda na kushuka mara nyingi katika kila kilomita.

Teknolojia hii si ngeni. Cadillac iliiweka katika gari lake la Eldorado Brougham mwaka 1957, Mercedes-Benz ikaifuata katika modeli ya 300 SE mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Range Rover ikaanza kuitumia mwaka 1992. Mfumo wa Mercedes-Benz uitwao Airmatic, uliotoka na gari la S-Class la mwaka 1998, ndio ulioifanya iwe jambo la kawaida katika magari ya kifahari. Katika Afrika Mashariki, magari ya aina hii huingia zaidi yakiwa yametumika, kutoka Uingereza na Japani ambako usukani huwa upande wa kulia kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Land Rover Discovery 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ni mfano unaofahamika sana, na baadhi ya Toyota Land Cruiser Prado zina springi za upepo kwenye ekseli ya nyuma peke yake. Kwa kuwa gari kama hilo linapofika bandarini huwa tayari limekula miaka kadhaa barabarani, mnunuzi hupokea pia mipira iliyokwisha kuzeeka.

Safari ya upepo ndani ya gari

Mvujo hauwezi kutafutwa na mtu asiyejua upepo unapita wapi, na kwa sababu hiyo inafaa kuufuata tangu unapoingia hadi unapotoka. Hewa huvutwa kupitia kichujio na kuingia katika kompresa, ambayo ni pampu ndogo inayozungushwa na mota ya umeme. Kutoka hapo hupita katika kikaushio, yaani kikopo chenye chembe za silika zinazonyonya unyevu, kisha hufika kwenye kizuizi cha valvu, ambacho ni kipande cha chuma chenye vijia vya ndani na valvu zinazofunguliwa kwa sumaku ya umeme. Valvu hizo ndizo zinazoamua upepo uende puto lipi, yaani mfuko upi wa springi, au uhifadhiwe katika tangi la akiba, au utolewe nje. Paipu nyembamba za plastiki ngumu huunganisha sehemu hizi zote, na kila mwisho wa paipu hukaa ndani ya kiungio chenye oringi, yaani pete ndogo ya mpira inayozuia upepo usipenye.

Juu ya hayo kuna sensa za kimo karibu na kila gurudumu, ambazo huieleza kompyuta ya gari umbali uliopo kati ya bodi na ekseli. Kompyuta hulinganisha taarifa hizo na kimo kinachotakiwa, kisha huamuru upepo uongezwe au upunguzwe. Presha inayohusika si ndogo: tangi la akiba la Discovery 3 hujazwa hadi takriban bar 16, ilhali tairi la kawaida la gari dogo huwa na zaidi kidogo ya bar 2. Chini ya presha ya namna hiyo, tundu lisiloonekana kwa macho hutosha kulishusha gari zito kati ya magharibi na alfajiri.

Jambo moja katika safari hii huwa halizingatiwi, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mvujo mdogo huzaa hasara kubwa. Gari zima linaposhushwa kwa utaratibu wake wa kawaida, upepo mkavu hurudi kupitia kikaushio kabla ya kutoka nje, na katika kupita huko hubeba unyevu ulionaswa na chembe za silika, kiasi kwamba kikaushio hujisafisha chenyewe. Upepo unapovujia kwenye puto au kwenye kiungio, haurudi kwa njia hiyo. Kompresa hulazimika kuvuta hewa mpya yenye unyevu mara kwa mara, kikaushio hushiba maji, na maji hayo husukumwa hadi kwenye valvu, ambako huleta kutu na uchafu unaozuia valvu zisifunge sawasawa. Hivyo mvujo wa kwanza huzaa wa pili. Wakati huohuo kompresa, ambayo imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika, hukosa mapumziko, hupata joto kupita kiasi na pete za pistoni yake huisha. Relei yake, yaani swichi inayoipelekea umeme, nayo huwaka na kuzimika mara nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na ncha zake zikigandana kompresa huendelea kuzunguka hata gari likiwa limezimwa, mpaka iungue.

Mahali mvujo unapopenda kukaa

Puto lenyewe ndilo mshukiwa wa kwanza. Sehemu yake ya chini hujikunja juu ya kipande cha mviringo kiitwacho pistoni, na mkunjo huo huviringika juu na chini kadiri gurudumu linavyofuata barabara. Mchanga na tope kavu hujipenyeza katika mkunjo huo na kuusaga mpira kama msasa, na miaka inapopita huonekana nyufa ndogondogo zinazolizunguka puto. Gari likiwa katika kimo cha kawaida nyufa hizo hufichika ndani ya mkunjo, na ndiyo maana fundi anayechungulia kwa haraka huondoka akisema puto ni zima.

Viungio vya paipu hufuata. Oringi hukauka na kupoteza ulaini, na kwa kuwa mpira mkavu husinyaa zaidi kwenye baridi, gari linaweza kusimama vizuri usiku kucha Dar es Salaam lakini likashuka Njombe au Limuru. Paipu nazo hukwaruzwa pale zinaposuguana na chuma, au huyeyuka zinapokaribiana na ekzosi baada ya mtu kuzifungua na kuzirudisha bila vibanio vyake. Mwisho ni valvu, ambazo huvujia ndani kwa ndani bila kutoa dalili nje ya kizuizi chake.

Kupima kwanza

Kazi ya kutafuta mvujo huanza na futi ya kupimia. Gari huegeshwa jioni mahali tambarare, likiwa katika kimo cha kawaida, kisha hupimwa katika kila kona umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake. Kupima kutoka kwenye kitovu, badala ya ardhini, huondoa makosa yanayoletwa na tairi lililopungua upepo. Vipimo vinne huandikwa na kurudiwa asubuhi kabla gari halijawashwa wala mlango kufunguliwa, kwa sababu magari mengi huamka na kuanza kujirekebisha mara mlango unapofunguka.

Hapa kuna mtego uliowapotosha wengi. Kompyuta ya Discovery 3, sawa na za magari mengine kadhaa, huamka yenyewe saa chache baada ya gari kuzimwa ili kulisawazisha, na inapokuta kona moja imeshuka huzishusha kona nyingine zilingane nayo. Asubuhi mwenye gari hukuta kona zote nne ziko chini na kudhani mfumo mzima umeharibika, kumbe ni puto moja tu linalovuja. Dawa yake ni kuchomoa fyuzi ya mfumo wa springi za upepo, kwa kufuata kitabu cha gari, mara baada ya kuchukua vipimo vya jioni. Kompyuta ikiwa imelala, kila kona hubaki na tabia yake halisi.

Vipimo vya asubuhi husomwa kwa mpangilio wake. Kushuka kwa milimita chache katika kona zote si ugonjwa: hewa ikipoa kutoka nyuzi 30 hadi 20 za Selsiasi, presha yake hupungua kwa takriban asilimia 3 bila chochote kutoka nje. Kona moja ikishuka kwa sentimita kadhaa huku tatu zikibaki palepale, tatizo liko kwenye puto la kona hiyo, paipu yake, kiungio chake au valvu inayoihudumia. Kona mbili za ekseli moja zikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, shaka huelekea kwenye kizuizi cha valvu kinachozihudumia zote mbili. Na ikiwa gari halishuki kabisa lakini huchukua muda mrefu kupanda linapowashwa, mvujo huenda uko kwenye tangi la akiba au paipu inayotoka kwenye kompresa, kwani upepo unaopotea hapo haubebi uzito wowote gari likiwa limeegeshwa. Au kompresa yenyewe imechoka.

Povu la sabuni na kikombe cha maji

Kona ikishajulikana, hufuata uchunguzi wa karibu, ambao hauhitaji zaidi ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji na chupa ya kupulizia. Kanuni yake ni ileile ya fundi pancha anayezamisha tyubu kwenye beseni. Gari hupandishwa hadi kimo chake cha juu kabisa ili mkunjo wa puto ufunguke, usukani hukatwa hadi mwisho ili puto la mbele lionekane, na maji ya sabuni hupulizwa polepole kuanzia juu ya puto kwenda chini. Mvujo mkubwa hupasua povu kwa mapovu makubwa yanayojulikana mara moja. Mvujo mdogo huhitaji subira, kwa kuwa hujitokeza baada ya dakika moja au mbili kama kishada cheupe cha mapovu laini yanayoongezeka mahali pamoja. Kazi hiyohiyo hurudiwa gari likiwa katika kimo cha kawaida, maana ufa unaofunguka katika kimo kimoja unaweza kujifunga katika kingine.

Viungio huchunguzwa kwa namna hiyohiyo, kila kimoja kikilowanishwa pande zote huku paipu ikitikiswa kidogo kwa kidole, kwa sababu oringi iliyochoka mara nyingine hushika paipu ikitulia na kuachia ikisogea. Iwapo povu halionyeshi lolote juu ya puto, paipu wala viungio, basi valvu hushukiwa. Namna rahisi ya kuihakiki ni kutafuta paipu ya kutolea upepo nje na kuingiza mwisho wake ndani ya kikombe cha maji huku gari likiwa limezimwa na fyuzi imechomolewa. Mapovu yanayoendelea kupanda ndani ya kikombe ni ushahidi kwamba valvu mojawapo haifungi, na kwamba upepo wa puto unarudi nyuma na kutoroka kwa mlango wa kutokea.

Mabasi na malori

Mabasi mengi ya masafa marefu na matrela ya kisasa hutumia kanuni hiyohiyo kwa vifaa tofauti. Kompresa huzungushwa na injini, upepo huo huhudumia pia breki, na mahali pa kompyuta mara nyingi hushikwa na valvu ya kimo yenye mkono mwembamba uliounganishwa na ekseli: bodi ikishuka mkono hunyanyuka na kuruhusu upepo uingie, ikipanda sana mkono hushuka na kuutoa. Basi linaloegemea upande mmoja kwa hiyo si lazima liwe linavuja, kwa kuwa mkono huo unaweza kuwa umepinda au umechomoka, nao hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kawaida huwepo valvu ya kinga inayozuia springi zisimalize upepo wa breki, lakini puto linalovuja bado huilazimisha kompresa kufanya kazi bila kupumzika na kuujaza mfumo mafuta na maji. Dereva anayezima injini mahali patulivu na kusikiliza, kisha akaitazama mishale ya presha kwa dakika chache, na anayemwaga maji ya matangi kama ratiba ya matengenezo inavyoagiza, huligundua tatizo kabla abiria hawajalala njiani.

Kuziba na kubadilisha

Kabla ya spana yoyote kushikwa, lipo sharti lisilo na mjadala: mtu haingii chini ya gari lililobebwa na upepo peke yake. Puto linaweza kupasuka au valvu kufunguka ghafla, na gari la tani mbili na nusu hushuka kabla hajapata nafasi ya kujivuta. Chasisi huwekwa juu ya stendi za chuma zinazoweza kuhimili uzito huo, kisha upepo wa sehemu inayoshughulikiwa hutolewa taratibu, kwa mashine ya uchunguzi au kwa kulegeza kiungio kidogo kidogo huku macho yakiwa yamekingwa kwa miwani.

Mvujo wa kiungio ndio wa gharama nafuu kuliko yote. Paipu huchomolewa, na ikiwa ncha yake imekwaruzwa hukatwa kipande kidogo kwa kisu maalumu cha paipu, mkato ukiwa wa pembe mraba kabisa, kwa sababu ncha iliyokatwa kwa koleo huwa na pembe inayoichana oringi mpya. Paipu husukumwa hadi mwisho wa kiungio, kisha huvutwa kidogo kuhakikisha imeshikwa. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauna kazi katika viungio vya kusukuma vya namna hii. Vipande vyake hukatika, huingia kwenye vijia vya valvu na kuziba pasipotakiwa.

Puto lililopasuka hubadilishwa, halizibwi. Kiraka cha tairi hakishiki juu yake kwa sababu mpira huo hujikunja muda wote, na nyuzi zilizokatika ndani haziungwi na gundi. Dawa za maji za kuzibia pancha ni hatari zaidi, kwani husafiri hadi kwenye valvu na kugandia humo. Inashauriwa maputo ya ekseli moja yabadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa yamezeeka pamoja na la pili halitakawia kufuata. Jipya likishafungwa, lazima lijazwe upepo kiasi kabla uzito wa gari haujaliegemea, la sivyo mpira hukunjika vibaya na kuharibika siku hiyohiyo ya kufungwa. Baada ya hapo vimo huhakikiwa, na pale inapobidi sensa husawazishwa kwa mashine.

Valvu inayovujia ndani inaweza kusafishwa ikiwa tatizo ni uchafu na oringi, lakini iliyoliwa na kutu hubadilishwa. Katika kila hali ambayo mvujo umedumu kwa muda, chembe za kikaushio nazo hubadilishwa, na kompresa ikihitaji kubadilishwa, relei yake ambayo bei yake ni ndogo hubadilishwa pamoja nayo. Kufunga kompresa mpya kwenye mfumo unaovuja ni kuipa mzigo uleule ulioiua ya kwanza.

Wapo wenye magari wanaochoshwa na matengenezo na kuamua kung'oa mfumo wote na kufunga springi za chuma. Uamuzi huo una hesabu yake, hasa mahali ambapo vipuri ni adimu, lakini gari hupoteza uwezo wa kubadili kimo na kujisawazisha linapobeba mzigo, taa za onyo hubaki zikiwaka isipokuwa kompyuta imerekebishwa, na springi zisizo za uzito sahihi hulifanya liyumbe kwenye kona. Ni njia ya kuchaguliwa baada ya kupiga hesabu, haifai kukimbiliwa kwa sababu tu mvujo haujapatikana.

Kwa mwenye gari la aina hii, ushauri ulio wa faida kuliko wote ni mfupi: apime kabla ya kununua. Fundi anayependekeza kompresa mpya aulizwe kwanza ni kona gani inayoshuka, kwa sentimita ngapi, na povu limeonekana wapi. Asiyekuwa na majibu hayo bado hajaijua shida ya gari, na asiruhusiwe kuagiza kipuri.